Fundi wa Kreni Katika Klabu ya Roboti: Uzoefu Wangu Mombasa

Klabu ya roboti ya shule hukwama kwa kukosa fundi kabla haijakwama kwa kukosa pesa. Bodi, mota na betri zinapatikana mjini. Mtu anayetengeneza mashine kila siku, anayeweza kukaa na wanafunzi saa moja na nusu huku multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, iko mkononi, hapatikani dukani. Mimi ni mlezi wa klabu kama hiyo katika shule ya upili upande wa Changamwe. Kutoka hapo hadi bandari ya Kilindini, stesheni ya reli ya SGR ya Miritini na karakana za matrela ni safari fupi ya matatu. Mafundi wamejaa. Kazi ni kuwaleta darasani na kujua la kuwapa wakishafika.

Barua yangu haimwendei mkurugenzi. Inamwendea mkuu wa karakana au mkuu wa matengenezo, na nakala kwa ofisi ya wafanyakazi. Ni ukurasa mmoja wenye mhuri wa shule na sahihi ya mwalimu mkuu. Naomba mambo matatu tu. La kwanza ni fundi mmoja, Jumatano moja kila wiki mbili, saa kumi jioni hadi saa kumi na moja na nusu, mara tano katika muhula. La pili ni vitu chakavu, na vyote navitaja: printa zilizokufa, mota za waipa za vioo vya magari, nyaya, mabomba membamba ya alumini, vipande vya plaiwudi. La tatu ni jibu la swali hili: ni kazi gani ndogo katika karakana yenu ambayo ni ngumu kuliko inavyoonekana?

Pesa sitaji. Kampuni ikipenda kutoa, inalipa duka moja kwa moja na risiti inaandikwa jina la shule. Mhasibu wa shule anaingiza vifaa kwenye daftari la mali siku hiyo hiyo. Mzozo mwingi kati ya shule na wafadhili huanzia pale noti zinapopita mikononi mwa mlezi wa klabu.

Omba majina mawili, usiombe moja. Mafundi wa bandarini na wa bohari za makontena hufanya kazi kwa zamu, na zamu ikibadilika utabaki na wanafunzi 24 wanaotazama mlango. Jina la pili linasaidia pia fundi wako anapohamishiwa kituo kingine, jambo ambalo hutokea na huua klabu nyingi kimyakimya.

Ratiba nayo ifuate mji. Wengi wa wanafunzi wetu wana madrasa, kwa hiyo uliza siku na saa kabla ya kuandika barua. Mwezi wa Ramadhani kazi ya kukata mbao, kulehemu na kutembelea karakana naihamishia Jumamosi saa tatu asubuhi, wakati nguvu bado zipo. Jumatano jioni tunabaki na programu na vipimo, kazi ya kukaa.

Mgeni anaandika jina langoni na hakai peke yake na wanafunzi hata dakika moja, hata akiwa rafiki yako wa miaka mingi. Kampuni nyingi hupenda picha za kutangaza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi kabla taarifa za mtoto hazijatumiwa, picha ikiwemo. Fomu ya ridhaa naitoa pamoja na fomu ya kujiunga na klabu, kisha naiambia kampuni mapema ni watoto gani wasipigwe picha.

Kuwakutanisha wanafunzi na wahandisi wa viwandani si wazo langu. Dean Kamen, mvumbuzi wa Marekani, aliasisi shirika la FIRST mwaka 1989, na mashindano yake ya kwanza ya roboti yalifanyika mwaka 1992 katika ukumbi wa michezo wa shule huko New Hampshire, timu 28 zikishindana. Wanafunzi walijenga pamoja na wahandisi wa kampuni zilizowadhamini. Walezi wengi wanaoiga mashindano hayo huiga uwanja na vikombe, na mhandisi wanamwacha nje.

Sasa vifaa. Nina makundi sita ya wanafunzi wanne wanne. Kila kundi lina bodi moja ya Arduino Uno au nakala yake (kompyuta ndogo inayobeba programu ya roboti), kiendeshi cha mota L298N kinachopitisha umeme wa betri kwenda kwa mota kwa amri ya bodi, fremu yenye mota mbili za njano zenye gia ya 1:48, sensa mbili za TCRT5000 za kusoma mstari sakafuni, sensa moja ya sauti ya HC-SR04 inayopima umbali kwa mwangwi, na seli mbili za lithiamu za 18650 na kishikio chake. Roboti moja ya namna hii hunigharimu kati ya shilingi 4,500 na 6,000. Multimita mbili zinatosha klabu nzima, na bisibisi nunua nyingi kuliko unavyodhani unahitaji.

Nakala za Arduino nyingi hutumia chipu ya CH340, kwa hiyo ingiza dereva wake, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitambua, kwenye laptopu zote kabla ya siku ya kwanza. Kompyuta ikikataa kuiona bodi hata baada ya hapo, badilisha waya wa USB kwanza. Nyaya nyingi za chaja ya simu zina njia mbili za umeme tu na hazina njia za data. Nyaya zinazofaa nazifunga teipu nyekundu.

Tatizo linalokula muda mwingi kuliko yote ni umeme. Wanafunzi hupenda ile betri ya mraba ya volti 9 kwa sababu ni nadhifu. Wanaifunga, taa ya bodi inawaka, mota zinaguna mara moja na bodi inaanza upya, tena na tena. Wanaanza kuvuruga programu ambayo haina kosa lolote. Betri ile imeundwa kwa kazi ndogo kama king'ora cha moshi. Mota zinapotaka ampea karibu moja ya kuanzia mwendo, volti zake huporomoka na bodi huzimika. Fundi wa umeme aliyekuja kwetu kutoka karakana ya matrela hakugusa laptopu. Aliweka multimita kwenye vituo vya betri na kuwaambia wanafunzi wawashe mota huku wakisoma namba. Namba ilipoanguka mbele ya macho yao, mjadala wa programu ukaisha.

Kuna kosa la pili ndani ya hilo. L298N hujichukulia takriban volti 2 kabla ya kuipa mota chochote. Seli nne za kuchaji za volti 1.2 ni volti 4.8, kwa hiyo mota inapata chini ya 3, na roboti inayokimbia vizuri ikiwa imeinuliwa mkononi inasimama ikiwekwa sakafuni. Seli mbili za 18650 zikifuatana zinatoa volti 7.4, zikijaa 8.4, na mota inabaki na zaidi ya 5. Ukiweza kununua kiendeshi cha TB6612FNG, kinapoteza volti kidogo sana, ila usikipe mota inayokula zaidi ya ampea 1.2 kwa mfululizo.

Mkitumia betri moja kwa bodi na nyingine kwa mota, nyaya za hasi za betri zote mbili lazima ziungane. Zisipoungana, ishara ya bodi haina pa kupimiwa na mota hufanya vituko. Lehemu kapasita ndogo yenye namba 104 kwenye vituo viwili vya kila mota kupunguza kelele za umeme za brashi, na nyingine ya mikrofaradi 470 au 1,000 kwenye njia ya betri. Ile kubwa ina upande wa hasi uliochorwa mstari. Ikigeuzwa inaweza kupasuka.

Kuhusu seli zenyewe, nasema bila kupunguza neno: hapa ndipo mtoto anaweza kuungua. Seli ya 18650 iliyoandikwa 9,900 mAh (kipimo cha chaji inayobeba) ni ya uongo, kwa kuwa zile nzuri zinazouzwa kwa kawaida huishia karibu 3,500. Pima uzito pia. Seli halisi ina takriban gramu 45, na nyepesi kuliko hapo sana ni ganda lenye kitu kidogo ndani. Seli zilizotolewa kwenye laptopu mbovu zinafaa, lakini iliyoshuka chini ya volti 2.5 haichajiwi, inapelekwa kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Tunachaji moja moja kwa chaja ya TP4056, juu ya vigae, ndoo ya mchanga ikiwa kando, na mtu mzima yumo chumbani. Ukitoka, chomoa.

Sensa za mstari ni rahisi. Ziweke milimita 3 hadi 10 kutoka sakafuni, zizungushie sketi ya manila nyeusi kwa sababu jua la dirishani lina miale ileile ya infraredi ambayo sensa inaitafuta, na mstari uwe wa teipu nyeusi ya mafundi wa umeme. Usiuchore kwa kalamu ya maka. Wino wa maka nyingi ni mweusi kwa jicho tu, miale ya infraredi inaupita kana kwamba haupo, na kundi litapoteza jioni nzima likilaumu programu. Kila asubuhi mwanga ni tofauti, kwa hiyo programu ianze kwa kusoma sensa sekunde 5 juu ya mstari na nje yake, kisha ichukue katikati.

HC-SR04 nayo ina kasoro ya Mombasa. Mifano mingi ya programu hugawanya muda wa mwangwi, kwa mikrosekunde, kwa 58 kupata sentimita. Namba hiyo imetoka kwenye kasi ya sauti katika hewa ya nyuzi 20 hivi. Hapa, darasani saa kumi jioni, ni nyuzi 30 au zaidi, na sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Gawanya kwa 57.3. Katika mita moja tofauti ni zaidi kidogo ya sentimita moja, inayotosha roboti kusimama kabla ya mahali pake.

Chumvi ya bahari na unyevu vinatutesa kuliko programu. Ubao wa matundu wa kuchomekea nyaya unaoachwa juu ya kabati likizo moja hurudi na miguso mibovu, na springi za vishikio vya betri huota kutu ya kijani. Roboti iliyofanya kazi Jumatano haifanyi kazi Jumatano inayofuata, na hakuna aliyeigusa. Tunahifadhi kila kitu kwenye ndoo za plastiki za rangi zenye vifuniko vinavyobana, pamoja na vipakiti vya silika, vinavyofyonza unyevu, ambavyo maduka ya viatu na ya vifaa vya umeme hutupa. Silika ikishalewa maji, iondoe kwenye pakiti, iweke kwenye oveni nyuzi 120 saa mbili na itafaa tena. Miguso safisha kwa spiriti na mswaki. Toleo la mwisho la roboti tunalilehemu kabisa: chuma nyuzi 350, dirisha wazi, na mikono inaoshwa kwa sabuni kabla ya kula, maana waya wetu wa kulehemu una risasi.

Nirudi kwa lile swali la tatu kwenye barua, kwa sababu ndilo lililoipa klabu kazi ya kufanya. Jibu lililotoka kwa fundi wa kreni lilikuwa hili: kontena likisimamishwa ghafla linabembea, na dereva anakaa akisubiri litulie kabla ya kulishusha. Basi mradi wetu ukawa kreni.

Tunafanya kwa kipimo cha 1:50. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.1, upana 2.44 na kimo 2.59, kwa hiyo letu ni kiboksi cha plaiwudi cha sentimita 12.2 kwa 4.9 kwa 5.2. Roboti ya mstari inalileta kutoka "melini", kreni inalinyanyua na kuliweka juu ya "behewa". Kreni ni meza yenye reli mbili, toroli juu yake, na kamba ya uvuvi. Reli, mkanda wenye meno na mota ya hatua, yaani inayozunguka hatua ndogo ndogo zinazohesabika, vyote vinatoka kwenye printa mbovu. Kishikio kina servo ya SG90, mota ndogo inayogeuka hadi pembe unayoiagiza, inayozungusha ndoana robo mzunguko, na fundi aliwaonyesha wanafunzi kwamba kufuli nne za pembeni za kontena la kweli hufunga kwa robo mzunguko vilevile.

Toroli ikianza na kusimama kwa ghafla, kontena linabembea vibaya mno. Wanafunzi wote hujaribu kwanza kupunguza kasi. Mbembeo unapungua, lakini kazi inachelewa, na fundi anawaambia meli haisubiri. Dawa ni kujua muda wa mbembeo mmoja kamili, kwenda na kurudi. Chukua urefu wa kamba kwa mita, kutoka kwenye toroli hadi katikati ya kontena, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 2, upate sekunde. Kamba ya sentimita 30 inatoa sekunde 1.1. Kamba ya mita 25 ya kreni kubwa inatoa sekunde 10. Uzito wa kontena hauingii kwenye hesabu, jambo ambalo wanafunzi hawaliamini mpaka wapime tupu na lililojaa misumari.

Sasa iagize toroli iongeze kasi sawasawa kwa sekunde 1.1 kamili, iende kwa kasi moja, kisha ipunguze kasi sawasawa kwa sekunde 1.1 kamili. Wakati wa kuongeza kasi kontena linabaki nyuma, linafika mwisho wa kubembea, linarudi, na sekunde 1.1 zinapotimia limening'inia wima tena bila mwendo wa pembeni. Ukikata hapo hapo, linaendelea wima. Ukikata kwenye sekunde 0.6, umelikamata likiwa nyuma kabisa na litabembea safari nzima. Wanafunzi huandika programu mbili, ya 0.6 na ya 1.1, na kuzirekodi kwa simu ya mwalimu upande kwa upande. Kamba ikifupishwa hadi sentimita 15 muda unashuka hadi sekunde 0.77, kwa hiyo programu lazima ijue kontena liko kimo gani. Hilo kundi huligundua lenyewe, kwa kawaida wiki ya saba.

Jambo hili halifanyiki vizuri kwa mota za njano, kasi yake hufuata betri. Tumia mota ya hatua. Nayo ina masharti: ukiidai kasi kubwa mara moja inaguna papo hapo bila kuzunguka, hivyo kuongeza kasi polepole inahitaji yenyewe pia. Kiendeshi chake, A4988, kina skrubu ndogo ya kuweka kiwango cha ampea, anza chini. Na usichomoe mota umeme ukiwa umewashwa. Kiendeshi kinakufa hapo hapo, nami nanunua akiba ya vitatu kila muhula kwa sababu hiyo.

Tahadhari ya vitu chakavu: mota za waipa za malori mengi ni za volti 24. Kwa volti 12 zinazunguka polepole na kwa nguvu, nzuri kwa winchi, lakini zinakula ampea kuliko L298N inavyobeba, tumia kiendeshi cha BTS7960. Printa na fotokopi zisifunguliwe na wanafunzi siku zilipotoka kwenye plagi. Kapasita za sehemu ya umeme huhifadhi chaji ya hatari. Fundi anazifungua, anazimaliza chaji kwa rezista, anapima, ndipo anawakabidhi.

Ndani ya kundi kuna kazi nne: mjenzi, fundi wa umeme, mwandishi wa programu na mweka daftari. Zinazunguka kila wiki mbili bila majadiliano. Zisipozunguka, wasichana huishia kwenye daftari muhula mzima, na hilo silikubali kabisa. Daftari lenyewe lina safu nne: kilichoharibika, tulichopima, kitu kimoja tulichobadilisha, matokeo. Mafundi wa kampuni walilitambua mara moja kwa sababu karakana zao zinaandika hivyo hivyo, na sasa wakifika husoma daftari kabla ya kuangalia roboti. Mwanafunzi anayejua kwamba mtu wa kazi atasoma maneno yake huyapima kwanza.

Kwa walio sekondari msingi wanaojiandaa kuchagua mkondo wa gredi ya 10, daftari hilo lina faida nyingine. Mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati unasikika vizuri masikioni mwa wazazi. Mtoto aliyelehemu na kupima kwa mihula miwili anajua kama kazi yenyewe anaipenda. Nimeona inafaa kumwalika mzazi siku ya ziara ya nne, amwone mtoto akihojiwa na fundi.

Kampuni ikitaka kukuletea seti ghali iliyofungwa ya roboti, shukuru, kisha uliza swali moja: kipande kikivunjika kinapatikana Mombasa kwa shilingi ngapi? Kama hakipatikani, omba thamani ileile kwa seli, viendeshi, sensa na skrubu za milimita 3. Na kampuni ikitaka siku moja ya bango na fulana bila ziara tano, mimi hukataa kwa adabu na kuacha mlango wazi.

Wiki ya mwisho ya muhula seli zote zinatolewa kwenye roboti na kuachwa kwenye volti 3.8 hivi, si zilizojaa wala zilizoisha. Sensa zinajaribiwa moja moja, mbovu zinatengwa, kila ndoo inawekwa silika kavu na orodha juu ya kifuniko. Ufunguo wa stoo unarudi kwa naibu wa mwalimu mkuu. Kisha nampigia fundi simu tukubaliane Jumatano ya kwanza ya muhula ujao, na namuuliza kama zamu yake imebadilika.